Siku Moja Tuskegee: Tathmini ya Ziara katika Chuo cha Booker T. Washington

Mtu aliyewahi kuwa mkuu wa chuo hatembelei makumbusho kama watu wengine wanavyotembelea. Macho yake hukimbilia stoo, jikoni na kwenye meza ya mhasibu. Nilikuwa mkufunzi, na baadaye mtawala, katika vyuo vya ualimu nchini Tanzania hadi nilipostaafu. Nilipokwenda Atlanta kumsalimu binti yangu, nilimwomba anipeleke Tuskegee, katika jimbo la Alabama, nikaone mahali ambapo Booker T. Washington, mwalimu Mweusi mashuhuri wa Marekani, aliongoza chuo kwa miaka 34, tangu Julai 1881 hadi alipofariki Novemba 1915.

Safari kwa gari ni ya zaidi kidogo ya saa mbili. Tuliondoka saa mbili asubuhi, na kwa kuwa majira ya Alabama yako nyuma ya yale ya Atlanta kwa saa moja, tulifika saa tatu na robo, tukajiona matajiri wa muda; anayepanga safari akumbuke tu kwamba wakati wa kurudi saa hiyo hudaiwa. Hakuna kiingilio. Eneo hili limetambuliwa kuwa la kihistoria kitaifa tangu 1974 na husimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, lakini limo ndani ya chuo kikuu ambacho bado kinafundisha, kwa hiyo mgeni anayesoma bango la maelezo hupishana na vijana wenye mabegi wanaowahi vipindi. Hilo nalihesabu kuwa sifa kubwa kuliko zote, maana majengo ya shule yasiyo na wanafunzi hugeuka maiti upesi.

Kilichonishika kwa muda mrefu ni matofali. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1856, alifika Tuskegee akiwa na umri wa miaka 25 na kukuta chuo ambacho jimbo lilikuwa limekitengea dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya walimu, bila kiwanja wala jengo. Alianza na wanafunzi 30 katika banda bovu karibu na kanisa, kisha akakopa fedha za malipo ya kwanza ya shamba la ekari 100 ambalo nyumba yake kubwa ilikuwa imeungua. Zizi la farasi na banda la kuku vilisafishwa vikawa madarasa. Akaamua kwamba wanafunzi watafyatua na kuchoma matofali yao wenyewe. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili likaharibika, na la tatu likabomoka usiku wa manane, zikiwa zimebaki saa chache tu matofali yaive. Hakukuwa na hata dola moja ya kujaribia tena, ndipo mkuu wa chuo alipochukua saa yake hadi Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi na kuwasha tanuri la nne. Hilo likaiva. Saa yenyewe hakuweza kuikomboa.

Nilisimama mbele ya ukuta wa mojawapo ya majengo ya zamani nikaupapasa kwa kiganja. Tofali moja lilikuwa jeusi upande mmoja kama lililokaa karibu mno na mdomo wa tanuri, jirani yake lilikuwa jekundu la kupauka, na mistari ya udongo wa kuunganishia haikunyooka sana. Yeyote aliyewahi kuchoma matofali anazijua rangi hizo. Katika chuo kimoja nilichofanyia kazi, wanachuo wetu walipanga tanuri kubwa siku za Elimu ya Kujitegemea, kuni zikaisha kabla ya wakati, na tulipolibomoa tukakuta nusu ya matofali yanamumunyika kama andazi bichi. Mimi ndiye niliyeandika taarifa ya hasara, na sikuwa na saa ya kuweka rehani. Binti yangu alinikumbusha: “Baba, umeushika ukuta dakika kumi, watu wanatutazama.”

Mhifadhi aliyetupokea alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, na tathmini ya huduma haiwezi kumpita. Hakukariri maelezo. Aliuliza kwanza tunatoka wapi na tunafanya kazi gani, na aliposikia neno mkufunzi akaacha habari za hotuba mashuhuri na kuingia katika habari za uendeshaji. Washington alilazimika kuwa safarini sehemu kubwa ya mwaka akiomba michango kwa matajiri wa kaskazini mwa Marekani, na popote alipokuwa alitaka taarifa ya chuo imfikie kila siku. Mwenyewe ameeleza, katika habari za maisha yake alizochapisha mwaka 1901, kwamba kutokana na taarifa hizo alijua ni mwanafunzi gani ameruhusiwa kukosa masomo, ni maziwa na siagi kiasi gani vimetoka kwenye ng’ombe wa chuo, nyama ya siku hiyo ilichemshwa au iliokwa, na mboga zilizoliwa zilinunuliwa dukani au zilichumwa shambani kwa chuo. Wapo watakaouita utawala wa namna hiyo ubanaji, na huenda walimu wake waliuona hivyo. Mimi niliyewahi kuletewa hesabu ya maharage yasiyofika jikoni nauita ualimu wa saa ishirini na nne.

Jumba la makumbusho la George Washington Carver, ambalo hapo zamani lilikuwa jengo la kufulia nguo la chuo, limepangwa vizuri na linamfaa hata mtoto. Carver aliitwa hapa mwaka 1896 kuongoza idara ya kilimo, na humo ataonekana kama mtafiti wa karanga na viazi vitamu, mchoraji, na mwalimu aliyeanzisha mwaka 1906 darasa la kukokotwa na farasi ili kuwafuata wakulima vijijini. Kisa nilichokipenda ni cha kuku: mkuu wa chuo alimkaripia mwanasayansi huyo zaidi ya mara moja kwa ajili ya banda la kuku lililoendeshwa ovyo, naye Carver akatishia kujiuzulu zaidi ya mara moja. Wawili hao sasa wamezikwa jirani.

Nyumba ya Washington iitwayo The Oaks, iliyojengwa na wanafunzi mwaka 1899 kwa ramani ya Robert R. Taylor, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha teknolojia cha MIT, huingiwa pamoja na mwongozaji tu, na kuna vipindi hufungwa kwa matengenezo. Sisi tuliiona kwa nje. Ulizeni kwa simu kabla ya kusafiri.

Mgeni asiondoke bila kuijadili sanamu ya shaba ya mwaka 1922, inayomwonyesha Washington akimfunua shela mtumwa wa zamani aliyeketi juu ya jembe la plau na fuawe. Wapo waliouliza kama mkono ule unafunua au unafunika, na swali lina haki yake. Mwaka 1895 huko Atlanta alikubali hadharani kwamba weusi na weupe waishi kwa kutengana mradi washirikiane katika uchumi, na mwaka 1903 W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi, alimkosoa vikali kwa kuuza haki za kisiasa na elimu ya juu kwa bei ya ufundi. Wakati huohuo, kwa siri, Washington alikuwa akigharimia kesi za kupinga sheria zilizowanyima weusi wa Alabama kura. Kwa Mtanzania kuna jambo jingine. Mwishoni mwa mwaka 1900 wahitimu wa Tuskegee walikwenda Togo kuwasaidia watawala wa Kijerumani kueneza kilimo cha pamba, Wajerumani walewale ambao miaka michache baadaye mashamba yao ya pamba ya kulazimishwa yaliwasha moto wa Majimaji kusini mwa nchi yetu. Nilimtajia hilo mhifadhi. Alinyamaza kidogo, akaniomba nilirudie, akaliandika kwenye kijitabu chake.

Kwa ujumla ninaipa ziara hii alama tisa kati ya kumi, na moja naizuia kwa sababu chakula ndani ya eneo ni cha kubahatisha kwa mgeni, hivyo bebeni chenu. Nusu siku inatosha kwa mtalii wa kawaida. Mwalimu atenge siku nzima.

Tulimalizia kaburini, pembeni mwa kanisa la chuo. Washington aliugua akiwa New York, akasisitiza arudishwe nyumbani, akafika usiku na kufariki alfajiri ya tarehe 14 Novemba 1915. Wakati huo chuo kilikuwa na zaidi ya majengo mia moja. Binti yangu alitaka kupiga picha, nami nikamwambia angoje kwanza, kwa kuwa kijana mmoja mwenye kitabu alikuwa ameketi karibu pale anajisomea, na hakuonekana kuwa na habari nasi.