Ufito wa fimbo ndefu ya trauti: tazama ncha kabla ya bei

Wasomaji wanaovua trauti, samaki wa maji baridi, huko Marekani na Ulaya wananiletea lalamiko moja kila msimu. Mtu amenunua ufito mtupu (mwili wa fimbo ya kuvulia usio na pete wala kishikio) wa futi 9 ulioandikwa kuwa ni mwepesi kabisa, amefunga mwenyewe pete za kupitishia mshipi, ameshuka mtoni. Akirusha kijiko, yaani chambo bandia cha chuma, cha gramu 2, ncha inaendelea kuchezacheza hewani, mshipi unatoka na mawimbi, chambo kinaanguka katikati ya safari. Basi ananunua rili nyingine, gurudumu la kukunjia mshipi. Rili haikuwa na kosa.

Urefu na mshipi sitavijadili sana. Futi 8 hadi 9 (mita 2.44 hadi 2.74) ni kwa mto mpana na ziwa, pale unapotaka kuinua mshipi juu ya mkondo na kulinda mshipi mwembamba unaokatika kwa uzito wa pauni 2 hadi 4. Penye vichaka chukua futi 6, usijitese. Chambo ninachokusudia ni spina, yaani vijiko vinavyozunguka, za Mepps Aglia namba 00, 0 na 1, yaani gramu 1.5, 2.5 na 3.5.

Jambo ambalo watu hawaliulizi dukani ni hili: ncha inatulia upesi kiasi gani baada ya kusimamishwa?

Ufito mrefu mwembamba ni springi. Mkono unaposimama mwishoni mwa kurusha, ncha hupita mbele, hurudi, hupita tena, na kila mpito unatia wimbi kwenye mshipi unaotoka. Mshipi huo hugonga pete na kusugua ufito. Chambo cha gramu 10 kina nguvu ya kuunyoosha. Cha gramu 1.5 hakina. Hasara haiishii hapo. Ncha inayochelewa kutulia pia humeza mguso wa samaki, kwa sababu mkono unapokea mtikisiko wa fimbo pamoja na mtikisiko wa kijiko kinachozunguka, na huwezi kuutenganisha na mdomo wa trauti.

Sababu kuu ni uzito ulio juu. Gramu moja kwenye robo ya mwisho ya ufito huchelewesha ncha kuliko gramu ishirini kwenye kishikio. Ndiyo maana kuweka risasi kitakoni ili fimbo "ikae sawa" mkononi hakutibu kitu: mizani inapatikana, lakini ncha inayumba vilevile na fimbo imekuwa nzito zaidi.

Pima hivi. Bandika pete ya ncha kwa utepe wa karatasi, maana ufito mtupu hudanganya. Kila ufito hutulia vizuri kabla haujabebeshwa chochote. Bana kitako mezani, vuta ncha sentimita 20, achia, na uirekodi kwa simu kwenye mwendo wa polepole. Fanya vivyo hivyo kwa ufito wa pili. Unaoyumba haraka zaidi na kuacha mapema ndio wako. Kupima nguvu ya ufito, tumia njia ya William Hanneman ambayo mafundi wa Marekani huipimia kwa sarafu za senti za gramu 2.5: lalisha ufito sawasawa, ning'iniza kifuko nchani, ongeza sarafu mpaka ncha ishuke theluthi ya urefu wote. Kwa futi 9 hiyo ni sentimita 91. Kisha soma pembe ya ncha yenyewe: ikizidi nyuzi 66 ufito unapindia juu, chini ya 59 unapinda hadi mkononi. Kwa vijiko vidogo tafuta kati ya 60 na 66. Laini kupita hapo, kijiko kikivutwa dhidi ya mkondo kinaipinda ncha chenyewe, na samaki akigusa huoni tofauti.

Sasa mpangilio wangu.

Wa kwanza ni ufito wa kuvulia kwa nzi bandia, futi 9, daraja la 4, vipande vinne, wa Rainshadow. Ninaupendelea na sifichi. Daraja la 4 limekusudiwa kubeba futi 30 za mwanzo za mshipi mzito, gramu 7.8 hivi, lakini uzito huo umetandazwa hewani. Chambo chote kimekaa sehemu moja, hivyo gramu 1.5 hadi 5 ndiyo kazi yake nzuri. Kuta za juu ni nyembamba, ncha ni nyepesi, na mpindo wake unasamehe mshipi wa pauni 2 trauti anapokurupuka miguuni mwako. Tena Batson, kampuni yenye jina la Rainshadow, inachapisha uzito wa ufito na kipenyo cha ncha. Tafuta ncha ya 4 au 4.5 kwa vipimo vyao vya sehemu ya 64 ya inchi, yaani milimita 1.6 hadi 1.8. Familia yao ya fito iitwayo Immortal inatosha. Si lazima upande juu zaidi.

Wa pili ni wa kiwanda cha CTS cha Auckland, New Zealand. Hutengenezwa kwa agizo na ncha yake inatulia vizuri sana. Kilichoushusha ni usafirishaji.

Wa tatu ni wa kampuni ya St. Croix ya Park Falls, Wisconsin, kwa anayetaka ufito uliokusudiwa spina tangu mwanzo na ncha yenye uti zaidi dhidi ya mkondo. Fito za aina hii nyingi ni fupi, kwa hiyo angalia urefu kwanza.

Fito za futi 10 na zaidi, zile laini za kuvulia kwa boya kwenye Maziwa Makuu ya Amerika, ziache kwa boya. Na za bei ya kutupa zisizo na jina? Ncha nene, viungo vilivyolegea. Basi.

Ufito mzuri huharibika kwenye kufunga. Tumia pete za mguu mmoja: Fuji KL-H ya 20, ya 10, KL ya 5.5, kisha ndogo za 4 hadi nchani, jumla 10 na ya ncha. Ya kwanza ianzie sentimita 50 hadi 60 kutoka kwenye bobini ya rili. Zishike kwa vimpira vya kufungia, rusha uwanjani, sogeza, ndipo ufunge. Chonga miguu ya pete kwa tupa ili uzi uipande vizuri. Uzi uwe wa saizi A bila tabaka la chini, na epoksi ya juu iwe koti moja jembamba. Koti la pili kwenye pete nne za mwisho ndilo linaloirudisha ile ncha inayochezacheza. Mdomo wa kila kiungo cha kike, kile kinachopokea kipande kingine, ufungwe uzi ili usipasuke, na pete isikae juu ya kiungo.

Wauzaji nao wananichosha. IM6 ni jina la biashara la uzi mmoja wa kaboni wa kiwanda cha Hercules, ambacho baadaye kiliingia Hexcel. Si kipimo cha ubora wa fimbo. Lakini utakuta IM8 na IM10 zimepigwa kwenye fito za kila aina, kana kwamba namba ikikua fimbo imekuwa bora, na bei inapanda nayo. Ukiuliza kipenyo cha ncha, unajibiwa rangi. Pia kuna gharama ya mrija: ufito wa vipande viwili wa futi 9 unasafiri na mrija wa mita 1.4, na nauli yake inaweza kukaribia bei ya ufito wenyewe. Vipande vinne vinaingia kwenye mrija wa sentimita 72. Kabla ya kulipa, dai kwa maandishi kipenyo cha ncha, uzito wa ufito na urefu wa mrija. Asiyeweza kuvipima asipewe pesa yako.