Kitabu cha mapenzi na mizuka, kurasa 16 hazimo

Mie si mtu wa kulalamika lakini hili limenikaa kooni. Skuli zilipofungwa hivi juzi nilimnunulia mtoto wa dada yangu kitabu duka moja la Mji Mkongwe, hivi vya vijana vya mapenzi ya kutisha, msichana kapelekwa kukaa jumba kubwa Uingereza huko pwani kwenye ukungu, anampenda kijana wa mwenye nyumba ambaye mchana haonekani hata kivuli, na ghorofa ya juu kuna chumba kina kufuli tatu. Nikaanza kukisoma mie kwanza, nikague tu, si mnajua watoto wa siku hizi. Kukagua gani, saa saba za usiku nipo macho, feni ikilia nashtuka.

Basi binti kapata funguo, kapanda ngazi, kijana kamshika mkono anamwambia usifungue kama kweli wanipenda, ukurasa 208 huo, nafunua... nakuta 193! Zinarudi zile zile mpaka 208, halafu 225. Jamani! Kurasa 16 hazimo. Na kwenye 225 binti yuko bustanini analia, nywele zishakuwa nyeupe. Kaona nini?? Kijana yuko wapi??

Kesho yake n'karudi na risiti. Yule kaka wa kaunta hata simu hakuiweka chini, ati "Dada, kitabu cha mashetani hicho, kikipungua si afadhali?" Watu wakacheka. Namwambia nimekilipia kizima, anasema mambo haya hayawafai vijana wetu. Na mwenyewe kakipanga dirishani! Ningemwambia Mary Shelley, mwandishi wa Kiingereza, alianza kuandika Frankenstein, kitabu cha kutisha vile vile, ana miaka 18, kikatoka 1818 na mpaka leo kinasomwa, hao vijana ndo wenyewe wa mambo haya. Lakini jibu zuri huja ushafika Darajani unangoja daladala.

Na kuhusu hofu, sie wa Pemba tusifundishwe. Mwaka 1995 wa popobawa, shetani aliyesemwa huvamia watu usiku majumbani, nilikuwa mdogo, tukilala nje uani wakubwa wamewasha moto, naukumbuka mkono wa bibi umenishika usiku kucha. Hofu ile haikuwa na raha hata chembe. Hii ya kitabu nyengine kabisa, unaogopa na huku unaomba binti aolewe na huyo huyo anayekutisha, na ikikuzidi unafunika kitabu unakwenda kunywa maji.

Nilitaka kukipa nyota moja. Ila kitabu kimekosa nini, si aliyekijalidi? Nikampa mtoto hivyo hivyo, akakimaliza, usiku umeme umekatika akanihadithia zile kurasa 16 kutoka kichwani mwake, kumbe chumbani mna binti wa mwanzo, naye alishikwa mkono akaambiwa maneno yale yale. Wallahi mwili ulinisisimka. Nyota nne basi. Duka hata moja sitoi. Aa, kitabu nacho tatu, maana pesa yangu haijarudi na kicheko kile bado nakisikia.

Mwenye nacho kizima anipigie picha ukurasa 209 mpaka 224. Mtoto hazitaki, anasema zake ndo nzuri. Ni mie tu silali.