Banda la video la Chikongola, Mtwara, kwa wenye insha za filamu

Nilipewa insha ya kuchambua Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya 2021, nikakodi banda la video asubuhi. Chumba kidogo, feni moja. Mwenye banda hakunikimbiza hata kidogo: kila nilipomwomba alirudisha nyuma, nami naandika dakika, mwanga unatoka wapi, kamera imesimama wapi. Tukio lile lile mara ya tatu ndipo nikapata hoja: kivuli na rangi vinabeba siasa ya Zanzibar ya miaka ya 1950 kuliko maneno. Kabla ya hapo nilikuwa nasimulia kisa tu, kana kwamba naeleza riwaya ya Adam Shafi iliyozaa filamu hiyo. Aya zikajipanga jioni hiyo hiyo. Spika ya kushoto inakoroma, kaka, ibadilishe. Wanafunzi wa Ligula, nendeni na daftari kabla mpira haujaanza.