Ubuntu 24.04 kwa Kazi ya Kuandika Programu

Kwa mwandishi wa programu ambaye kazi yake huishia kwenye seva, Ubuntu 24.04, mfumo endeshi wa aina ya Linux uliotolewa Aprili 2024 ukiwa na ahadi ya masasisho ya usalama kwa miaka 5, ndiyo chaguo langu la kwanza. Seva nyingi huendeshwa kwa Linux, hivyo kinachofanya kazi mezani kwako hakigeuki kitu kingine kikifika huko. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa sababu mfumo niliokuwa nikiutumia zamani haukutofautisha herufi kubwa na ndogo: picha iliitwa Nembo.png, nami kwenye msimbo nikaandika nembo.png, kwangu ikaonekana vizuri, kwenye seva haikupatikana kabisa. Ubuntu ingenionyesha kosa hilo papo hapo. Kontena za Docker, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji, nazo hutumia kiini cha Linux moja kwa moja, bila mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) katikati, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo hunufaika sana. Anayetengeneza programu za iPhone atahitaji macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, kwa kuwa Xcode, zana ya kuziandikia, haipatikani kwingine. Anayelazimika kubaki na Windows atasaidiwa na WSL 2, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows, ilimradi aweke faili zake upande wa Linux, maana kuzisoma kutoka upande wa Windows huchelewesha kazi mno. Kabla ya kusakinisha, washa Ubuntu kutoka kwenye flashi, ujaribu Wi-Fi na sauti.