Seti ya kujiundia gitaa: mbao nampa muuzaji nyota tano, ubao wa freti na majibu yake ni balaa

Naanza na hasira maana ndo ziko karibu, mazuri yatafuata huko mbele kama nitakuwa bado nina moyo wa kuyasema.

Gitaa langu nililojiundia limekamilika. Limening'inia ukutani karakanani, limepigwa msasa mpaka mkono unateleza, limepigwa vanishi, linang'aa, na halipigiki. Haya, nilitendee haki, linapigika mpaka freti ya tatu, freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. G, C, D za kule chini zinasikika vizuri tu na mtu asiye na sikio atakusifia kabisa, "aisee umetengeneza mwenyewe?" Panda freti ya saba uso unaanza kukunjamana. Ukifika ya kumi na mbili unatamani kulirudisha kwenye mfuko kabla watu hawajageuka kukuangalia.

Seti niliinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, jina nalihifadhi, wanaojua watajua. Miezi kadhaa imepita sasa. Humo ndani unapata kila kitu, uso wa sprusi, mgongo na mbavu, shingo iliyochongwa nusu, brasi za kuimarisha uso kwa ndani, briji ya kushikia nyuzi juu ya uso, freti zenyewe, na ubao wa freti wa mpingo ambao tayari umeshakatwa mikato ya kuingizia freti. Huo mpingo ndo ulionifanya nitoe hela. Aliyewahi kuufanyia kazi anajua, mti wenyewe unakua polepole miaka na miaka, mbao yake ukiitupa kwenye maji inazama, na randa uliyoinoa asubuhi ukiipitisha mara chache unairudisha kwenye jiwe. Sasa kukata mikato ya freti kwa mkono kwenye mbao ya namna hiyo, kila mkato upana wake kama nusu milimita na kidogo, na ukikosea nusu milimita tu sikio linakusuta maisha yote ya gitaa, mimi hiyo kazi niliamua kumlipa mtu anifanyie. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniuliza kwa nini sikupima kwanza. Nilinunua uliokatwa ili nisipime! Ndo maana ya kununua uliokatwa.

Dalili ya kwanza ilitokea mapema tu, siku ya kuunganisha shingo na mwili. Hii seti imepangwa freti ya 14 ikae pale pale shingo inapokutana na mwili, mchoro wao wenyewe unasema hivyo, mstari umechorwa kwa wino mwekundu kabisa. Nikaweka ubao juu bila gundi nione, freti ya 14 inaangukia nje ya mwili, imebaki huku upande wa shingo, kama milimita mbili na nusu hivi. Nikapiga picha nikamtumia muuzaji. Nikauliza kwa adabu, "Habari za leo mkuu, hii imekaa sawa au kuna kitu?" Akajibu haraka sana siku hiyo, sijui alikuwa na furaha gani. "Endelea tu, iko hivyo."

Iko hivyo. Nikaendelea. Nikapaka gundi.

Basi tuje siku ya kufunga nyuzi. Kwa ambao hawajawahi kufanya, kuna kipimo rahisi sana. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, piga, unapata ile sauti nyembamba ya kengele. Hiyo inatoka nusu kamili ya uzi na haijali freti zako umezipanda wapi. Halafu kandamiza freti hiyo hiyo upige tena. Noti mbili zinatakiwa zifanane. Za kwangu zilipishana, tyuna, kile kifaa cha kupima noti, inaonyesha zaidi ya senti kumi, na hatua ya freti moja, yaani nusu sauti, ni senti 100 kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe, hata mtoto anasikia. Na kilichonishangaza zaidi noti ilikuwa chini. Gitaa likikosea mara nyingi linakosea kwenda juu, kwa sababu ukikandamiza uzi unauvuta na uzi ukivutwa sauti inapanda. Hili langu limeshuka. Nikabadilisha nyuzi, nikadhani ni nyuzi. Nikaangalia nati, kile kipande cha mwisho wa shingo nyuzi zinapopitia, kama imekatwa vibaya. Nikahangaika na ule mfupa wa kwenye briji unaobeba nyuzi, nausogeza kidogo huku kidogo kule, wapi.

Ndo nikachukua rula ya chuma. Urefu wa uzi kwenye mchoro ni milimita 650. Nusu yake hata darasa la pili wanaijua, 325. Kutoka kwenye nati mpaka freti ya 12 ya huu ubao wa mpingo nikapata 322 na nukta sita. Nikapima tena. Nikabadilisha rula. Ile ile. Nikaenda freti ya kwanza, inatakiwa 36 na karibu nusu, nikapata 36.1. Nikachukua kikokotoo nikagawanya 650 kwa 36.1 na jibu lililotokea pale ndo lilinifanya nikae chini kwenye stuli.

Kumi na nane. Huyu mtu amekata ubao kwa kumi na nane!

Nieleze kidogo maana hapa ndo utamu wa hasira yangu ulipo. Kupata freti ya kwanza unagawanya urefu wa uzi kwa namba fulani, unachokipata ndo umbali kutoka kwenye nati, halafu urefu uliobaki unagawanya tena kwa namba ile ile, unaendelea hivyo mpaka mwisho. Namba inayotumika leo ni 17.817, kwa sababu hiyo ndo inafanya hatua 12 zilingane na zikufikishe nusu kamili ya uzi. Zamani walitumia 18. Vincenzo Galilei, mpiga luti (ala ya nyuzi ya zamani), baba yake yule Galileo wa darubini, aliiandika mwaka 1581. Ni namba nyepesi kugawanya kichwani na mafundi waliishi nayo muda mrefu tu. Ila ukiifuata mpaka freti ya 12 haikufikishi nusu, inakuacha njiani milimita mbili na kitu. Kwa uzi wa 650 inakuacha 322.6. Yaani namba ile ile iliyo kwenye rula yangu, hakuna hata bahati mbaya ya msumeno kuteleza. Msumeno ulikata vizuri mno. Umekosea kwa usahihi wa hali ya juu.

Nikamwandikia muuzaji. Nikaweka picha, nikaweka vipimo, nikaweka hesabu, na salamu nikatanguliza kama kawaida. Kimya. Nikaandika tena. Kimya, wakati namwona yuko hewani anatangaza seti mpya. Mwisho akajibu kwa sauti ya kurekodi, na kwa nyuma mashine inanguruma maana hata kuizima hakuona umuhimu.

"Kijana, mafundi wa zamani wote walitumia kumi na nane na magitaa yao yanapigwa mpaka leo. Gitaa linasikilizwa kwa sikio. Hiyo rula yako mpelekee fundi milango."

Kijana! Mimi na mvi zangu. Na hao mafundi milango wamemkosea nini? Fundi milango akikupunguzia milimita mbili mlango haufungi na unamrudishia kesho yake asubuhi, hakuambii usikilize mlango kwa sikio.

Nikamjibu, nikamuuliza kama ni 18 mbona mchoro wako umeweka freti ya 14 kwa 17.817? Maana mchoro ni sahihi, niliupima. Yaani mchoro umetoka kwa mtu mmoja na ubao kwa mtu mwingine na hawajawahi kukutana. Hakujibu. Baadaye akaandika neno moja, "Utazoea."

Sasa hapa inabidi nikiri kitu ambacho kinaniuma kukiandika, mzee wa watu hakuongea pumba yote. Nimeshinda na hii hesabu usiku mwingi kuliko inavyopendeza. Hiyo 18 inashusha noti kidogo, na kidole kikikandamiza uzi kinaipandisha kidogo, kwa hiyo wale wa zamani walikuwa wanapata nafuu hapo katikati bila kuhangaika na briji. Na tena, ukichukua huu huu ubao wake, ukapima nati mpaka freti ya 12 ukazidisha mara mbili, unapata 645 na kidogo. Ukiweka mfupa wa briji kwa kuhesabu huo urefu na siyo 650, halafu ukaongeza zile milimita mbili tatu ambazo kila fundi anaongeza kufidia mvuto wa uzi, basi freti karibu zote zinakaa ndani ya senti moja au mbili. Senti moja au mbili! Hakuna sikio la kibinadamu litakalokulalamikia. Nilipoona hivyo nilicheka peke yangu. Ubao siyo mbovu. Ubao ni mzuri kabisa, ni wa gitaa lenye uzi mfupi kidogo.

Kwa hiyo ilihitajika sentensi moja tu kwenye kile kijitabu. "Sogeza briji mbele karibu milimita tano." Basi. Au siku ile nimemtumia picha ya freti ya 14, badala ya "iko hivyo" angesema "iko hivyo kwa hiyo sogeza briji," mimi leo ningekuwa hapa namsifia na kuwaita na ndugu zangu wanunue.

Ila uso wa sprusi ulikuja umeshatobolewa matundu sita ya pini za briji. Kwa vipimo vya mchoro. Vya 650. Pamoja na fidia yake juu, kwa hiyo kosa likazidi. Unaona mtego ulivyo? Ubao unataka briji iwe huku, matundu yanasema kule, na vyote vimetoka kwenye boksi moja.

Na huo uso jamani... Hapa ndo nachanganyikiwa nimpe nyota ngapi. Mistari ya sprusi imenyooka na kubanana kutoka ukingo mpaka ukingo, imepasuliwa inavyotakiwa, na ilikuja imekauka vizuri, haikujikunja hata siku moja. Nilipoanza kuipunguza kwa randa kuelekea milimita tatu, nikawa nagonga kwa kifundo cha kidole kila baada ya kupitisha, ile sauti ikawa inafunguka kidogo kidogo, ikabaki inalia muda mrefu kama chungu kizima. Brasi za X nilizichonga kwa patasi ncha zake zikawa nyembamba, nagonga, nachonga, nagonga. Kuna Mhispania anaitwa Antonio de Torres, mwaka 1862 alitengeneza gitaa mgongo na mbavu zake ni za karatasi iliyogandishwa na gundi, uso tu ndo mbao ya kweli, akitaka watu waelewe kwamba sauti inatoka kwenye uso. Nilikuwa namwelewa ile wiki yote. Mbavu nazo zilipinda kwenye bomba la moto bila kupasuka hata moja, nikajua huyu muuzaji anajua kuchagua mbao. Anajua! Ndo maana inaniuma. Angekuwa tapeli wa mbao za maboksi ningeshasahau.

Sasa uso wa namna hiyo naambiwa niupashe pasi, niingize kisu chembamba chini ya briji polepole gundi ilegee, niing'oe, nizibe matundu sita kwa vijiti, nitoboe mengine mbele. Inawezekana, mafundi wanafanya kila siku. Kile kipande cha mbao ngumu kilichoko chini ya uso kina upana wa kutosha, nimepapasa kwa mkono kupitia tundu la sauti nikahakikisha. Nitafanya. Ila vanishi itaharibika pale, na kila nikiliangalia hilo gitaa nitaona vile viraka hata kama wengine hawavioni, na nitasikia mashine ikinguruma kwa nyuma.

Kama tayari unayo hii seti nyumbani, usitie gundi ya briji kwanza. Pima nati mpaka mkato wa 12. Ukipata 325 shukuru, labda siku yako alikuwa amekata mtu mwingine. Ukipata 322 na kitu, zidisha mbili, ongeza fidia yako, mfupa ukae hapo, na yale matundu yaliyotobolewa yazibe mapema kabla ya vanishi, briji ikikaa mbele itafunika sehemu tu ya yale ya zamani. Freti ya 14 iache ilivyo, haitakaa kwenye ukingo wa mwili na wala haina shida, ni macho tu.

Kama hujanunua, usinunue. Au nunua mbao tupu, huo ubao mwambie abaki nao. Sijui kama anauza hivyo na siendi kumuuliza.

Nyota moja. Hapana, uso ule hauwezi kuwa kwenye kitu cha nyota moja, itakuwa dhambi, weka mbili. Akirudi hapa chini kuniita kijana naitoa hiyo ya pili.