Gramafoni ya mtumba na Miles Davis mwenye usingizi: uzoefu wangu

Kwa miezi miwili nilidhani Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alikuwa mtu wa polepole sana. Nilishasoma kwamba muziki wake wa 1959 ni mtulivu, kwa hiyo tarumbeta ilipotoka kwenye spika nzito, imezama, kama ya mtu anayepuliza huku amejifunika blanketi, nikasema basi, jazi ndiyo hii, mshamba ni mimi. Nikawa naisikiliza hivyo hivyo kila usiku. Na niliipenda, sitadanganya.

Kumbe mgonjwa alikuwa gramafoni. Naandika ili mwingine anayewaza kununua mashine ya mtumba hapa Dar asipite nilikopita, na pia kwa sababu yupo fundi wa Gerezani ambaye kazi yake inafaa kusemwa.

Mashine yenyewe niliinunua Kariakoo, nyuma kidogo ya Msimbazi, kwa jamaa anayeuza redio na spika za mtumba. Ni ya Kijapani, ile ya zamani yenye boksi la mbao na kifuniko cha plastiki, inayozungushwa na mkanda. Alianza na laki nne, tukamalizana kwa laki mbili na themanini, na juu yake nikalipa elfu arobaini na tano ya transfoma, kwa sababu nyuma ya mashine pameandikwa 120V 60Hz. Yaani ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. "Hiyo 120 isikutishe bosi," akaniambia, "transfoma inamaliza kila kitu." Kuhusu ile 60 hakusema neno, na mimi sikuuliza.

Tuliijaribu palepale. Santuri ya kujaribia alikuwa nayo moja tu, nyimbo za filamu za Kihindi, imekwaruzika kama sufuria. Akaimba mwanamume mmoja sauti ya kushiba kweli. Jalada lilikuwa na picha ya mwanamke. Nililiona hilo kabisa, nikalipa hela, nikaita bajaji.

Kuhusu santuri za kuanzia nilikuwa na bahati. Familia moja ya Upanga ilikuwa inahama na kugawa vitu, nikachukua maboksi mawili kwa bei ya kutupa. Nyingi zilikuwa jazi ya Marekani. Miongoni mwake ilikuwemo albamu ya Kind of Blue, ile ambayo Miles Davis aliirekodi New York mwezi Machi na Aprili 1959, akiwa na John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksofoni na Bill Evans kwenye piano. Wimbo wake wa kwanza ni wa dakika tisa na ushei. Kwangu ulikuwa unachukua zaidi ya kumi na moja, nikaona nimepunjiwa kila kitu mjini hapa ila muziki.

Aliyegundua ni mzee jirani yangu hapa Magomeni. Mama alikuwa ameniletea kutoka Morogoro mfuko wa santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, alizozihifadhi chini ya kitanda miaka yote, na Jumapili moja jioni nikaweka ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa anapita na chupa yake ya chai, akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mbaraka, mzee."

"Mbaraka gani?"

"Mwinshehe."

Akaingiza kichwa, akasikiliza kama nusu dakika hivi. "Huyo si Mbaraka, mwanangu. Mbaraka namjua. Huyo anaumwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaanza kugonga fremu ya mlango kwa pete yake, mwendo ule anaoujua yeye, na papo hapo nikasikia vitu viwili havikutani: pete iko mbele, bendi inakokota miguu nyuma. Mzee huyu aliwahi kupiga gitaa la besi kwenye bendi moja ya shirika la umma, na kabla ya hapo alikuwa mcheza dansi tu wa kawaida wa kumbini. "Kwa mwendo huu," akasema, "binti wa watu anakuacha katikati ya ukumbi anakwenda kununua soda."

Usiku huo nikafanya jambo ambalo ningelifanya dukani siku ya kwanza. Nilikata kipande cha karatasi, nikakipachika ukingoni mwa santuri kubwa ya 33, nikawasha saa ya simu na kuhesabu karatasi inapita mara ngapi. Kwa dakika tatu inatakiwa kupita mara 100 kamili, kwa sababu kasi yake ni mizunguko 33 na theluthi kwa dakika. Nikapata 83. Nikarudia, 83 tena. Mashine iliyochakaa hupotea ovyo, leo hivi kesho vile. Hii ilikuwa inapotea kwa adabu, mahali palepale kila mara, na hilo ndilo lililonifanya niifikirie tena ile 60 ya nyuma.

Gramafoni nyingi za mkanda za zamani zina mota ambayo haijali sana umeme una nguvu kiasi gani. Inafuata mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50. Transfoma inashusha volti kutoka 230 hadi 120 na mota haiungui, lakini mapigo haiyagusi kabisa. Kwa hiyo mota inazunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake, santuri ya 33 inakwenda chini kidogo ya mizunguko 28, ya 45 inakwenda 37 na nusu, na kila sauti inashuka karibu nusu-toni tatu. Mwanamke wa Kihindi anakuwa mwanamume. Ukiona maandishi ya 60Hz peke yake, bila 50 pembeni, jua una kazi mbele yako. Za soko la Japani kwenyewe nyingi huandikwa 50/60, kwa sababu nchi hiyo ina umeme wa aina zote mbili, ila volti zake ni 100, hivyo transfoma ya 110 au 120 inazizidi kidogo. Mashine za kisasa zenye adapta ndogo ya DC hazina habari na mambo haya. Kama hutaki kusumbuka, nunua hizo uishie hapo.

Mimi nilisumbuka. Fundi redio wa kwanza aliniambia mota imechoka, ninunue nyingine. Wa pili akaupaka mkanda poda, akachukua elfu kumi. Wa tatu ndiye aliyenielekeza Gerezani, kwa fundi anayekereza vyuma, ambaye kazi yake ya kila siku ni vipuri vya magari na mashine za kusaga. Sikutegemea anielewe. Nilimwekea puli mezani, kile kipande kidogo kinachokaa juu ya mota na kuuvuta mkanda, chenye ngazi mbili, ya 33 na ya 45. Nikamweleza. Akaifuta kwa kidole gumba, akaibana kwenye venia, kile kipimo cha unene, akasoma: milimita 16 na pointi saba. Akaangalia juu kidogo. "Unataka ishirini," akasema. Hakuandika popote. Mota ikizunguka polepole, puli ikinenepeshwa mara moja na mbili ya kumi, sahani ya juu inarudi kwenye kasi yake. Mwalimu wangu wa hesabu angelia kwa furaha.

Puli ya kwanza aliikereza kwa alumini, elfu ishirini. Nikahesabu nyumbani: 100 kwa dakika tatu. Nikaweka piano. Lo. Kasi ilikuwa sahihi kwa jumla, lakini kila noti ndefu ya piano ilikuwa inatetemeka, inapanda na kushuka kama sauti ya mtu anayeongea akiwa juu ya bodaboda kwenye barabara ya vumbi. Tundu halikuwa katikati sawasawa. Kwa gitaa na tarumbeta unaweza usijue, piano haifichi kitu. Nilirudi nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Fundi aliitia puli kwenye mashine yake, akaizungusha, akainamisha kichwa kuitazama kwa upande, akasema tu, "Imekula upande. Kosa langu." Akakereza nyingine kwa shaba, safari hii akitoboa na kukereza bila kukifungua kipande, na hakuchukua senti. Nilimwachia elfu kumi ya chai.

Huyo nampa nyota tano, japo alumini yake nilikuwa nimeipa mbili. Mashine yenyewe nne. Nyota moja imepotea kwenye transfoma, ambayo inanguruma chini ya meza na ukiisogeza karibu na mkono wa sindano unausikia mngurumo huo kwenye spika. Nimeiweka umbali wa mita moja, imetulia. Sindano mpya nilimwagiza dada mmoja anayefuata mizigo Dubai, elfu sabini, na iliibadilisha sauti kuliko nilivyotarajia. Amplifaya iwe na tundu la phono, yaani la kuchomeka gramafoni, la sivyo utasikia sauti ndogo isiyo na besi na utaanza kumlaumu muuzaji bure. Jenereta ndogo ya petroli usiijaribu kabisa: injini ikiyumba, mapigo ya umeme yanayumba, na bendi nzima inalewa. Umeme ukikatika katikati ya solo la Coltrane, spika zinanyamaza lakini sahani bado inazunguka kwa sekunde chache, na ukitega sikio unaisikia sindano ikiimba peke yake, sauti nyembamba kama ya mbu, ikishuka, ikishuka, kimya.

Adui mwingine wa santuri hapa Dar ni unyevu. Zile za mama zilikuwa na ukungu mweupe kama viatu vilivyosahaulika kabatini masika yote. Naziosha kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, pamoja na tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, nikifuata mistari na bila kuilowesha lebo. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo. Kukausha ni kivulini, kuhifadhi ni kwa kusimamisha. Niliwahi kulaza kumi na mbili juu ya friji. Ya juu kabisa ilijikunja kama chapati iliyopoa.

Siku mashine ilipopona nilimwita mzee kwanza. Nikaweka ileile ya Mbaraka. Hakusema kitu, aliinua tu kidole kimoja pale gitaa la solo linapoingia, kabla halijaingia, na likaingia palepale kidole kilipo. Mbaraka alikufa kwenye ajali ya gari huko Kenya mwaka 1979, na mzee bado anamtaja kama mtu aliyetoka kidogo. Akaniambia nyimbo nyingi za bendi za wakati ule sitazipata kwenye santuri hata nikihangaika vipi, kwa sababu zilibaki kwenye tepu za Radio Tanzania. Zile zilizokuwa santuri, nyingi zilipitia Nairobi, na ukizigeuza lebo utaona.

Tukabishana kuhusu neno lenyewe. Kwake jazi ni Dar es Salaam Jazz Band iliyoanza 1932, ni Western Jazz na mtindo wao wa saboso, ni Nuta Jazz ya 1964 ambayo leo ni Msondo Ngoma. Nilipomwekea Kind of Blue alivumilia upande mzima mikono ikiwa magotini, kisha akauliza, "Gitaa liko wapi?" Nikamwambia halimo. "Sasa jazi gani haina gitaa?" Sikuwa na jibu la maana. Ila alikuwa amelisikia besi, na juma lililofuata alikuja na gitaa la mjukuu wake alifuatishe.

Akapiga, akasimama, akakaza nyuzi, akapiga tena. "Mashine yako bado," akasema. Moyo ukaanguka. Nikatoa karatasi, nikahesabu: 100. Tukageuza upande wa pili, akapiga, ikakubali bila kugusa uzi hata mmoja. Tukarudi upande wa kwanza, ikamkataa tena, juu kidogo kuliko gitaa.

Ilinibidi nisome ndipo nikaelewa. Siku ile ya Machi 1959, mashine ya kurekodia pale studio ilikuwa inazunguka polepole kidogo, hivyo nyimbo tatu zote za upande wa kwanza zikisikilizwa kwa kasi ya kawaida zinatoka juu kuliko zilivyopigwa. Za Aprili, upande wa pili, hazina tatizo. Kosa hilo lilikaa kwenye santuri zilizouzwa kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi toleo la 1992 lilipolirekebisha. Yangu ni ya kabla ya hapo. Nilimweleza mzee, akanisikiliza hadi mwisho huku akirudisha gitaa kwenye mfuko wake.

"Kumbe na wao," akasema, "walinunua Kariakoo."