Uzoefu wangu: Ziara ya Phil Collins aliyerudi jukwaani akiwa kitini, tulivyoitazama Mbeya

Naanza na hukumu, maana najua wengi mnapimia bando. Kama unapiga dramu, kama unaimba kwaya, au kama nyumbani kuna mzee aliyeliweka gitaa juu ya kabati kwa sababu vidole vimegoma, tafuta video za ziara ya Phil Collins, mwanamuziki wa Uingereza, ya mwaka 2017 hadi 2019. Usizitazame kwenye simu. Tafuta kioo kikubwa na spika zinazoeleweka, ukae na watu. Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu niliyoizuia nitaieleza.

Sisi tuliokulia huku Nyanda za Juu Kusini hatukumjua huyu bwana kama mtu wa roki. Tulimjua kama sauti ya usiku redioni, katikati ya Kenny Rogers na Don Williams, na baadaye kwenye kaseti za Coaster za Tukuyu na Kyela, dereva akibadilisha upande bila kuangalia. Wengi hadi leo hawajui kwamba kazi yake ya kwanza ni dramu. Aliingia bendi ya Genesis mwaka 1970 kama mpigaji, na uimbaji ulimwangukia baada ya mwimbaji wao Peter Gabriel kuondoka mwaka 1975. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye yale matamasha ya kuchangia wenye njaa Ethiopia, aliimba Wembley, London, mchana, akapanda ndege ya kasi ya Concorde, akapiga tena Philadelphia, Marekani, siku hiyohiyo. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye mikono ilikuja kumgomea.

Wakati wa ziara ya Genesis ya mwaka 2007 pingili za shingo ziliumia. Alifanyiwa upasuaji, na mwaka 2009 akasema wazi kwamba vidole havishiki tena vijiti. Alipotaka kurekodi albamu iliyofuata alilazimika kufunga vijiti mikononi kwa tepu. Mwaka 2011 akatangaza kwamba anaacha muziki ili alee watoto wake. Baadaye ukaja upasuaji wa mgongo, mguu mmoja ukabaki hauna hisia, akawa mtu wa mkongojo. Kwa hiyo Oktoba 2016 alipotangaza London kwamba anarudi barabarani, ziara yenyewe akaipa jina la kusema bado hajafa, mimi sikuamini kwamba kutakuwa na kitu cha kutazama zaidi ya huruma. Nilikaa miaka kadhaa bila kuzigusa zile video.

Kilichonisukuma ni dramu za kanisani. Mpigaji wetu mkubwa, mzee aliyewahi kupigia bendi za baa hapa mjini miaka ya themanini kabla hajaokoka, alianza kupata ganzi mkono wa kushoto. Vijana wakaanza ule msemo wa kumpumzisha mzee. Hakuna aliyemtukana, wote walisema kwa upole, na yeye akaacha kuja mazoezini. Nikatafuta mtu mwingine aliyewahi kupita njia hiyo, ndipo nikaikumbuka ziara ya Collins.

Sasa nieleze huduma yenyewe. Nilikodi banda umiza moja upande wa Mwanjelwa, Jumamosi, kabla watu wa mpira hawajaanza kuingia. Video nilizipakua mapema na kuziweka kwenye laptop, nawashauri mfanye hivyo hivyo, maana ukitegemea mtandao katikati ya wimbo utaishia kutazama kile kiduara kinachozunguka. Nyingi ni za mashabiki waliokuwa ukumbini. Chagua zilizopigwa na mtu aliyetulia mahali pamoja, na usikilize sauti kwanza kabla ya kuangalia picha: picha ikitikisika utaizoea, sauti ikipasuka hutafika wimbo wa tatu.

Mwenye banda ni kijana msikivu. Mabati yana matundu na mwanga wa mchana ulikuwa unaila picha, akapanda mwenyewe juu ya benchi akatundika turubai mbili. Shida ilikuwa sabufa. Imepangwa kwa ajili ya kishindo cha filamu za mapigano, kiki, ile dramu kubwa ya mguu, ikawa inafunika kila kitu, gitaa la besi halisikiki kabisa. Nikamwomba aishushe, akaishusha kidogo kwa masikitiko, nikamwomba tena, na mara ya pili akaelewa. Yeyote atakayefanya hivi alianzie hapo. Bei ilikuwa ya haki, mabenchi ni magumu, na baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua, njooni na makoti. Mama mmoja wa kwaya alileta chai ya maziwa kwenye chupa mbili kubwa na maandazi. Tulikuwa watu wa kwaya, wapigaji matarumbeta wa kanisa, vijana wa dramu watatu, na mzee wangu ambaye nilimfuata nyumbani kwake Soweto, hapa hapa Mbeya.

Taa za jukwaani zinawaka, na mtu anaingia polepole sana na mkongojo. Haruki. Anatembea hadi kwenye kiti kilichowekwa katikati, anakaa, anaweka mkongojo pembeni, anazungumza na watu, kisha anaanza kuimba. Na hapo kwenye kiti ndipo anapobaki karibu usiku mzima. Banda lote lilinyamaza. Kijana mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Ndiyo huyu?" Mzee akamjibu bila kugeuka, "Ndiye. Sikiliza."

Hapa ndipo ninapoisifu ziara hii kwa moyo wote. Hakuna kilichofichwa. Hawakumsimamisha kwa nguvu, hawakumweka gizani ili watu wasione mkongojo. Walikipanga kila kitu kukizunguka hicho kiti. Sikio langu linaniambia nyimbo kadhaa zimeshushwa kii, yaani zinaimbwa kwa ngazi ya chini kuliko zamani. Zile sehemu za juu ambazo zamani alizichana peke yake, sasa waimbaji wa nyuma wanne wanamshika mkono, na matarumbeta manne yanajaza pale ambapo pumzi yake haifiki. Besi anapiga Leland Sklar, yule mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani, mzaliwa wa 1947, aliye mkubwa kuliko Collins mwenyewe. Gitaa ni Daryl Stuermer, aliyepiga jukwaani na Genesis kuanzia 1978. Wanapiga kwa utulivu wa watu wasiohitaji kumwonyesha mtu chochote. Wapigaji wetu wa matarumbeta waliomba turudishe nyuma mara kadhaa kusikiliza jinsi wale wenzao wanavyokata sauti pamoja, wanavyoacha nafasi, wanavyoingia kwa pigo moja. Tulipoteza muda mwingi hapo na sijutii hata dakika.

Wapo wanaosema kushusha kii ni kudanganya wateja. Nawapinga kabisa. Mwimbaji anayelazimisha noti ya ujana wake akiwa na miaka sitini na sita ndiye anayemdanganya msikilizaji, maana anauza kitu ambacho hana. Anayeshusha kii anakupa sauti aliyonayo leo, yote. Nimewaona waimbaji wazuri kwenye kwaya zetu, kuanzia huku Mbeya hadi Iringa, wakiachishwa sauti ya kwanza kwa sababu tu mwalimu wa kwaya hakuwa tayari kukigeuza kinanda hatua mbili chini. Hatua mbili tu.

Halafu kuna mtoto. Kwenye dramu amekaa Nicholas, mwanawe, aliyezaliwa Aprili 2001. Ziara ilipoanza Juni 2017 kule Uingereza alikuwa na miaka kumi na sita. Vijana wetu wa dramu walipoambiwa umri huo walisogea mbele wakakaa chini kabisa, karibu na kioo. Anapiga kwa nguvu lakini hakimbii, na mapigo ya baba yake anayajua hadi kwenye vipande vidogo vya tomu, zile dramu za katikati, ambavyo wengi tunavipita. Mzee wangu ndiye aliyegundua kitu ambacho mimi sikukiona. Alisema, "Mwanangu, usimtazame mikono huyo kijana. Mtazame macho. Kila akimaliza mzunguko anamtafuta baba yake." Tukaangalia. Ni kweli.

Kuna sehemu ya ngoma tupu. Nicholas anapokezana na mpigaji wa ngoma za mikono, wanajibizana, kisha baba anashushiwa kahoni, lile sanduku la mbao unalolikalia na kulipiga kwa viganja. Vijiti havishiki, lakini viganja vipo. Anapiga na mwanawe, mapigo mepesi, ya kawaida, ambayo mtoto wa darasa la sita angeyapiga. Sijawahi kuona mapigo mepesi yakipokelewa hivyo ukumbini. Mzee wangu alivua kofia akaishika magotini.

Na wimbo ule wa 1981, In the Air Tonight, ule unaokwenda polepole gizani hadi dramu zinapoingia kwa kishindo karibu na mwisho, nadhani kila aliyewahi kumiliki redio anaujua. Mlio ule wa dramu una historia. Ulipatikana mwaka 1979 katika studio ya Townhouse, London, Collins akipiga kwenye albamu ya Peter Gabriel, na fundi Hugh Padgham akiwa kwenye mixa, ile meza ya kuchanganya sauti. Maikrofoni iliyokuwa imetundikwa ili mafundi wamsikie mwanamuziki akiongea ilikuwa na mtambo wa kubana sauti kwa nguvu. Dramu zilipopita humo zikatoka kubwa kama ukumbi mzima, na wakaongeza kifaa kinachoukata mwangwi ghafla badala ya kuuacha ufifie. Muziki wa miaka ya themanini karibu wote ulikwenda kuuiga mlio huo. Zamani Collins alikuwa akiuimba wimbo huo, kisha anakwenda kwenye dramu kuupiga mwenyewe pale kishindo kinapofika. Kwenye ziara hii anabaki kitini, na kishindo kinatoka nyuma yake, kwa mwanawe. Banda letu liliruka. Hata mwenye banda, aliyekuwa nje akiandika ubao wa mechi, aliingia.

Watu walifurika kote walikokwenda: London kwenye Royal Albert Hall, Cologne, Paris, mwaka uliofuata Maracanã kule Rio, kisha Marekani, Australia na New Zealand. Haikuwa njia laini. Kule London mwanzoni kabisa alianguka usiku hotelini, akajigonga kichwa kwenye kiti, akashonwa, na maonyesho mawili yakasogezwa hadi Novemba. Siku chache baadaye alikuwa jukwaani Cologne. Nilipowasimulia hilo wakati wa mapumziko, mama wa chai alisema kwa Kinyakyusa, "Ndaga," akanyamaza.

Nusu nyota niliyoizuia ni hii. Mazungumzo kati ya nyimbo ni mafupi mno kwa mtu mwenye maisha kama yake, na orodha ya nyimbo inacheza salama. Ningependa kusikia vile vipande vigumu vya Genesis vya miaka ya sabini angalau viwili, huyo kijana ana uwezo navyo. Pia kuelekea mwisho, kwenye nyimbo za kuchezeka, sauti yake inachoka na inasikika, hasa kwenye video za maonyesho marefu ya viwanjani. Kumbi za ndani zilimfaa zaidi. Ukiwa na muda wa video moja tu, chagua ya ukumbini.

Kama unawaonyesha vijana wasiomjua, waanzishie na rekodi ya ziara yake ya mwaka 2004, Paris, akiwa bado mzima, anapiga na anazunguka jukwaa lote. Sisi tulianza moja kwa moja na kiti, na vijana ilibidi waambiwe kwa maneno kilichopotea. Wakiona kwanza alivyokuwa, watakielewa kiti bila maelezo.

Mzee wangu amerudi mazoezini. Dramu sasa anapiga mjukuu wa dada yake, mzee mwenyewe amekaa pembeni na kayamba na anahesabu kwa sauti, na vijana wanamsikiliza kuliko walipokuwa wakimsikiliza akiwa kwenye dramu. Mwalimu wa kwaya bado hajakubali kushusha kii. Tunamfuatilia.

Mtakaopenda kuendelea, ipo ziara ya mwisho ya Genesis, iliyoanza Birmingham Septemba 2021 na kufungwa London tarehe 26 Machi 2022, Nicholas tena kwenye dramu. Nimeitazama peke yangu. Bendi ni kubwa na taa ni za ajabu, lakini Collins amechoka zaidi, na yale ya kahoni na mwanawe ya 2017 hadi 2019 sikuyakuta. Nikikodi banda tena, nitaonyesha ile ya kwanza.